Sanduku la Meno Yanayosubiri

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa kumi kamili jioni, daktari wetu wa kiti namba mbili atavua koti lake jeupe, atalitundika kwenye msumari ule ule ambao amelalamika tangu siku ya kwanza kuwa umelegea, na atakwenda nyumbani. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja, miezi miwili na siku tisa ya utumishi katika kliniki hii ya meno. Msumari bado umelegea.

Wagonjwa hawamwiti kwa jina lililo kwenye cheti chake ukutani. Wanamwita Mama Tuangalie. Mtu anapanda kitini amefumba macho, amekamata mikono ya kiti kama anayepanda ndege kwa mara ya kwanza, anasubiri mlio wa mashine ya kuchonga, na badala yake anasikia sauti ya taratibu ikisema, haya, tuangalie kwanza. Wapo waliofungua macho wakiwa wamekasirika. Walikuwa wameshajikaza, na sasa ushujaa wao hauna pa kwenda.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nakaa mapokezi na eti namfahamu kuliko wote. Ukweli ni kwamba wengine wote waliwahi kusema wana kazi. Naandika kati ya simu na simu, na mtoto wangu wa pili ana miezi saba na haoni faida ya usingizi, kwa hiyo mkikuta sentensi imelala katikati ya njia, iamsheni taratibu. Nitasema habari za daktari, na nitasema habari za sanduku lake, maana kwa miezi minne ya mwaka huu hatukujua sanduku lile litabaki mikononi mwa nani, na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuogopa.

Alifika hapa akiwa na miaka ishirini na tisa. Kliniki ilikuwa vyumba viwili tu juu ya duka la viatu, na ngazi ya mbao iliyopiga kelele. Anasema kwa sauti ya ngazi ile waliweza kujua nani anaumwa jino na nani amekuja kusafishwa: mwenye jino hupanda polepole, halafu anasimama katikati na kufikiria kurudi. Mwenye kliniki, ambaye mpaka leo tunamwita Mkuu, alimpa kiti namba mbili kwa sababu cha kwanza kilikuwa chake mwenyewe na kilikuwa kinainuka vizuri.

Alisomea zamani, na zamani walimu walifundisha kwamba doa ni adui na adui hufuatwa hadi ndani. Ukiona rangi ya kahawia kwenye jino, chonga. Ukimaliza, chonga tena kidogo pembeni ili roho itulie. Yeye alikuwa na mkono mwepesi kweli kweli. Asubuhi moja aliweza kuwamaliza watu kumi na wanne, na Mkuu alikuwa akipita mlangoni anaangalia saa na kutabasamu.

Mwaka wake wa pili, mdogo wake wa kiume alipita kumsalimia. Huyu ni fundi bomba, mtu wa maneno mengi, anayepiga mluzi akifanya kazi. Siku hiyo hakuwa na maumivu yoyote. Alikuja kuazima mwavuli. Dada mtu akamwambia panda hapo nikuone, akamwona, akakuta mstari mwembamba wa kahawia kwenye gego la chini upande wa kulia. Akampiga picha ya eksirei, akainua picha dirishani nusu dakika, akachonga, akaziba. Mdogo wake akaondoka na mwavuli na ganzi.

Jino likishachongwa halirudi kuwa jino zima. Hilo Mama Tuangalie anawaambia wagonjwa bila kuwatisha, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda posta. Baada ya miaka mitano kile alichozibia kililegea, akaweka kingine kikubwa zaidi. Baada ya miaka mingine mitano ukuta wa jino ukapasuka, akalivalisha kofia ngumu ya kulifunika lote. Miaka mitatu tena, mzizi ukapata ufa, na jino likang'olewa. Lilikuwa jino la mtu wa miaka arobaini, na aliyeling'oa ni dada yake, kwenye kiti kile kile.

Mwezi uliofuata, kwa bahati, ndipo alikuwa anamalizia masomo mapya. Alikuwa ameamua kurudi shule akiwa na miaka arobaini na moja, kila Jumamosi kwa miaka miwili, akakaa dawati moja na vijana waliomwita shangazi na kumwomba awaazime kalamu. Walikuwa wanafundishwa namna nyingine ya kutibu meno: kulinda kwanza, kuchonga mwisho, na ukichonga, uchonge kidogo kadiri inavyowezekana. Mwalimu akawaambia kila mmoja alete picha moja ya zamani aliyoisoma mwenyewe, waisome upya. Akavuta bahasha yenye picha ya jino la mdogo wake. Akaiweka picha mbele ya taa, akaitazama, si nusu dakika safari hii. Hakukuwa na kitu. Jino lilikuwa zima. Ule mstari ulikuwa rangi tu ya chai iliyotulia kwenye mfereji, ngumu, isiyomdhuru mtu.

"Nilichonga chai," ndivyo anavyosema mpaka leo, na hasemi zaidi ya hapo.

Angeweza kunyamaza. Jino lilikwishatoka, bahasha ilikuwa yake, nani angemuuliza? Alimpigia simu mdogo wake siku ile ile na kumweleza yote. Mdogo wake akauliza kama na ule mwavuli anatakiwa aurudishe. Toka siku hiyo, akija kutengeneza sinki zetu, huwaonyesha wagonjwa pengo lake na kuwaambia kwamba hapo ndipo dada yake alipotundika cheti. Mluzi wake nao ulibadilika. Sasa una sauti mbili, moja inapita katikati na moja inapita pembeni, na yeye anasema amepandishwa cheo.

Ile picha ya eksirei Mama Tuangalie aliibandika kwenye mlango wa kabati, mahali ambapo macho yake yanafika akiwa amekaa kitini na mgonjwa amelala. Iko pale hadi leo. Wageni wanadhani ni kalenda ndogo.

Juma lile lile alishuka dukani chini akaomba sanduku tupu la viatu. Ndilo sanduku lenyewe. Kila jino lenye doa ambalo halijaamua kama litaharibika au litapona, alilifungulia kadi: nani, jino lipi, doa liko wapi na lina rangi gani, linang'aa au limefifia, na tarehe ya kuangaliwa tena. Kadi ya kwanza kabisa aliandika jino lake mwenyewe, gego la chini kushoto lenye kidoa cheusi, na akamwomba Mkuu awe anamtazama kila miezi sita. Sasa ni sanduku la nne, la buti za mvua, kwa kuwa kadi zimeongezeka. Leo asubuhi nimezihesabu: mia tatu na kumi na nane. Mkuu huliita chumba cha kusubiri cha meno.

Asidhani mtu kwamba kusubiri huku ni kukaa mikono mapajani. Huwezi kuamini jinsi anavyoliangalia jino. Kwanza analisafisha, halafu analikausha kwa hewa polepole, kwa sababu doa changa jeupe hujificha kwenye mate na hujitokeza likikauka. Vichokoleo vya chuma vya kukagulia meno, vile vyenye ncha kali, alivitoa vyote, akaleta vyenye ncha ya mviringo, maana ncha kali inaweza kuvunja ngozi ya jino ambalo lilikuwa linajiponya lenyewe. Kisha anapaka floridi, dawa ya kuliimarisha jino, au anaziba mifereji ya juu kabla haijashika chakula. Kwa watoto wadogo ana dawa yake ya matone inayosimamisha uozo papo hapo, ila inaliacha jino jeusi. Akilazimika kuchonga, anatoa kilichooza, na ile sehemu iliyo karibu kabisa na mshipa anaiacha kidogo na kuifunika vizuri, badala ya kuuchokoza mshipa bure. Shimo la saizi ya mbegu ya ufuta, halafu unarudi nyumbani kula.

Kazi yangu mimi ni kuwapigia simu wenye kadi tarehe ikifika. Yupo dereva mmoja wa lori ambaye akiona namba yetu hapokei kwa salamu, anapokea kwa kusema nimepiga mswaki. Hatujamuuliza. Mwaka juzi tulikaa na daktari tukapitia kadi zote za tangu mwanzo, tukakuta kwamba katika kila meno kumi yaliyowahi kuingia sandukuni, hata mawili hayakufika kwenye mashine. Mengine yapo midomoni mwa watu, yanatafuna.

Sasa sababu yangu. Nilipoajiriwa hapa, binti yangu alikuwa na miaka minne na magego mawili ya utoto yameanza kuoza. Nilikuwa nimezoea kumpa chupa ya juisi ili alale, na yeye akilala mimi nilale. Nilijua si vizuri. Nilikuwa nimechoka. Nilimleta kwa daktari nikiwa nimeshajiandaa kusemwa, nimeweka na majibu tayari. Hakunisema. Aliuliza nani anamlaza mtoto, nikasema mimi, akauliza na mimi nani ananilaza. Akaniambia wiki hii ongeza maji robo kwenye chupa, wiki ijayo nusu, na uendelee hivyo hivyo, mtoto hatajua siku juisi ilipoondoka. Wiki ya nne ikawa maji matupu na binti yangu akawa analala nayo kwa furaha, akidhani ni ile ile.

Yale magego akayapaka dawa yake ya matone, yakawa meusi tii. Mama mkwe wangu alipomwona mjukuu anacheka alitaka kujua ni nani aliyemharibu mtoto, na akasema huko kwao meno meusi ni ya kizee. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba jino jeusi lisilouma ni zuri kuliko jeupe linalomliza mtoto. Alinuna siku mbili. Magego yale yalikaa mpaka yakang'oka yenyewe kwa wakati wake, mtoto hajawahi kuonja sindano. Lakini gego lake la kwanza la ukubwani, lile la miaka sita, lilichomoza na doa jeupe kama chaki. Likafunguliwa kadi. Namba mia mbili themanini na saba.

Kwa hiyo Mkuu alipotangaza kwamba Mama Tuangalie anastaafu na kwamba tayari ana daktari wa kumrithi, mimi sikupiga makofi haraka. Aliyekuwa naye akilini ni kijana wa rafiki yake, mwenye mkono mwepesi na vyeti vyenye kingo za dhahabu. Huyo akilifungua sanduku kwa mtindo wa zamani, ndani ya mwaka mmoja kadi zote zimekwisha, na meno mia tatu na kumi na nane yameanza ile safari ya gego la fundi bomba. Na la binti yangu likiwemo. Mama Tuangalie naye aliliona hilo. Hakugombana. Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, saa ya ukutani au seti ya vyombo, alisema vyombo anavyo na saa anazo, anaomba achague yeye atakayekaa kwenye kile kiti. Mkuu, ambaye kwa miaka thelathini na moja hajawahi kumshinda kwa hoja, akakubali, kwa sharti kwamba kijana wake naye ajaribiwe.

Mtihani aliutunga mwenyewe, na hauna mfano. Siku ya usaili alikuja amevaa gauni la nyumbani na kitambaa kichwani, akakaa mapokezi pembeni yangu kama mgonjwa. Waombaji walikuwa watatu na hakuna aliyewahi kumwona. Kila mmoja aliambiwa amwangalie mama huyu, kisha aseme angefanya nini. Mkuu alisimama pembeni na mikono nyuma. Mimi niliachwa nishike daftari, na nilishika kweli kweli.

Wa kwanza, kijana wa Mkuu, alikuwa mchangamfu na haraka. Alipitisha kioo mdomoni, akahesabu meno manne ya kuchonga, likiwemo la kadi namba moja, na akasema akipewa vifaa angeanza saa hiyo hiyo. Wa pili alikuwa mpole. Hakuuliza kitu, aliagiza picha za mdomo mzima kabla hajaona hata jino moja, halafu akasema mawili, labda matatu.

Wa tatu alikuwa binti mfupi mwenye viatu vya mpira. Alinawa mikono mgonjwa akimwona, akafungua pakiti ya vifaa mbele yake, akavuta kiti akakaa macho yakiwa sawa na ya mama. Akauliza kama ana sukari, kama anatumia dawa yoyote, anakula nini kati ya chakula na chakula, mara ya mwisho aliangaliwa lini. Ndipo akasema samahani, naomba kuangalia. Akakausha kwa hewa, jino moja moja, kwa utaratibu ambao ulinifanya nimwangalie Mkuu kwa jicho la pembeni. Akafika kwenye lile doa jeusi la kadi namba moja, akakaa hapo muda mrefu.

"Hili sijui bado," alisema. "Linaonekana gumu. Kuna picha yake ya zamani tulinganishe?"

Mama Tuangalie alikuwa amefungua mdomo hawezi kusema chochote, lakini niliona miguu yake, ilikuwa imenyooka kwa furaha. Mkuu hakufurahi. Alimuuliza yule binti kama anadhani mgonjwa akimsikia daktari anasema hajui, atarudi tena.

"Nikimwambia najua na sijui," binti alijibu, "mgonjwa atarudi. Jino ndilo halitarudi."

Mkuu akakohoa. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hata mtunga mtihani hakulitunga. Yule binti aliendelea, akafika kwenye jino la nyuma kabisa, lililozibwa zamani Mama Tuangalie akiwa bado mwanafunzi, na akasema kwamba lile lenye doa jeusi linaweza kusubiri, ila hili la nyuma lisisubiri. Ukingo wake umeinuka kidogo na umegeuka rangi ya kijivu. Wale wawili waliotangulia walikuwa wamehesabu madoa yote ya mdomo ule na hili wakalipita. Mkuu mwenyewe, kila miezi sita, alikuwa akiangalia kadi namba moja na kuridhika.

Ikapigwa picha. Mkuu akaishika dirishani, akaitazama, akampa Mama Tuangalie. Chini ya ile dawa iliyozibia jino zamani kulikuwa na kivuli cha kama punje ya mchele, kinaelekea kwenye mshipa.

Mama akaketi wima, akavua kile kitambaa cha karatasi shingoni, akajitambulisha yeye ni nani. Binti wa watu aliweka mkono mdomoni na glavu zake. "Basi," Mama akamwambia, "utaanza na mimi."

Jumatano iliyofuata ndiyo siku ambayo kliniki nzima haitaisahau. Fundi bomba alipopata habari kwamba dada yake anachongwa, aliacha bomba la mtu linavuja akaja mbio, akaomba aruhusiwe kushika taa. Alisema amesubiri siku hii miaka thelathini. Lakini dada yake alipolala kitini na sindano ya ganzi ikatoka, fundi ndiye aliyegeuka ukutani. Mama Tuangalie, aliyewashika mkono maelfu ya watu, alinyoosha wake upande wangu kimyakimya. Nikaushika. Alama za kucha zilibaki siku tatu.

Binti alitoa ile dawa ya zamani, akatoa kilichooza kidogo kidogo, akasimama, akaangalia, akaziba. Dakika ishirini na tano. Mama akaomba kioo. Alilikagua jino lake muda mrefu, huku midomo imekufa ganzi upande mmoja, na chumba kizima tumetulia kama watoto wanaosubiri matokeo. Alitaka kujua kitu kimoja tu: kama pale karibu na mshipa ameacha. Binti akasema ameacha. Mama akasema vizuri. Kutoka ukutani ukasikika mluzi, wenye sauti mbili.

Kijana wa Mkuu tulimuaga kwa chai, na Mkuu mwenyewe ndiye aliyeandika barua ya kumwajiri binti. Wagonjwa wameshaanza kumwita Binti Picha.

Watu wanaofika mapokezini huniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini watamjuaje daktari mzuri wa meno, hasa wakihamia mji mwingine. Zamani nilikuwa nasema sijui, ulizeni ndugu zenu. Sasa najibu nilichokiona siku ile. Angalia leseni yake ukutani kama ni ya mwaka huu, na usione haya kupiga simu kwenye bodi ya usajili kuulizia. Mimi nilipiga kuwaulizia waombaji wote watatu. Muulize mara ya mwisho alikwenda lini kusoma kitu kipya. Anayekuuliza habari zako kabla ya kukufungua mdomo, anayekuonyesha kwenye kioo anachokiona yeye, anayekupa njia zaidi ya moja na mojawapo ni kungoja, huyo kaa naye. Akionyesha haraka usoni kuliko wewe mwenye maumivu, chukua mkoba wako. Na usimkimbie kwa sababu tu amesema jino hili lichongwe leo. Mama Tuangalie angalisubiri lile la nyuma, angalikuja kulipoteza.

Wiki mbili zilizopita wamekuwa wakikabidhiana sanduku. Wanakaa mchana kwenye meza ya jikoni, kadi moja baada ya nyingine, na kilicho kwenye kadi ni nusu tu. Huyu hunywa soda akiwa na mawazo, muulize kwanza habari za nyumbani. Huyu husema anapiga mswaki, mwombe akuonyeshe. Huyu usimpigie yeye, mpigie mke wake. Walipofika namba mia mbili themanini na saba, nilikuwa nasafisha kikombe ambacho kilikuwa kisafi. Mama akaitazama kadi, akaisogeza mezani. Akasema tu mtoto aletwe kesho.

Nikamleta. Mama Tuangalie alisimama mlangoni, mikono ameiweka nyuma kama Mkuu, na sijawahi kuona mikono inayotaka kutoka nyuma namna ile. Binti Picha akamuuliza mwanangu anapenda kula nini, akapewa orodha ndefu na ya kweli. Akakausha jino. Akaangalia kwa lenzi, akalinganisha na picha ya mwaka jana. Lile doa la chaki lilikuwa limepungua na limeanza kung'aa, jino linajijenga. Akapaka floridi, akaandika kadi.

"Linapona," akasema, "ila tuangalie tena baada ya miezi sita."

Nikageuka kumtazama Mama Tuangalie mlangoni. Hakuwepo. Nilimkuta kwenye kabati, anajaribu kubandua ile picha ya jino la mdogo wake aende nayo. Gundi ya miaka kumi na saba haikukubali. Akaipapasa mara moja, akasema acha ibaki, itamfaa na mwenzangu.

Mama yetu, kwa miaka thelathini na moja ya mikono yenye subira, kwa meno yote ambayo watu hawajui kwamba wewe ndiye uliyewaachia, kwa kunifundisha kuongeza maji robo, na kwa ile simu uliyompigia mdogo wako ambayo hakuna aliyekulazimisha, kliniki nzima inakushukuru. Mkuu anakushukuru pia. Amekataa kuandika mwenyewe, lakini amepita mapokezi mara tatu kuuliza kama nimeshamtaja.

Pumzika, lala mpaka jua likuamshe, tembelea wajukuu na uwaangalie kwanza kabla ya kuwasema. Afya njema ikufuate na kila siku yako iwe nyepesi. Ila usituage sana. Kadi namba moja bado imo sandukuni, nimeshaiandikia tarehe: miezi sita kutoka leo, saa tatu asubuhi, kiti namba mbili. Nitakupigia simu siku moja kabla kama ninavyowapigia wengine wote, na ukipokea kwa kusema umepiga mswaki, nitajua uko salama.